Miguu Minne Chini

Asubuhi ya Jumamosi mtaa wa mafundi samani ulikuwa umechemka. Randa zilikwaruza, nyundo zilijibizana, vumbi la mbao lilielea kwenye jua, na wapita njia walijipenyeza kati ya vitanda visivyo na chaga na makabati yasiyo na milango. Katikati ya zogo hilo akatokea dada mmoja mwenye gauni la manjano lenye maua meupe madogo, miwani ya fremu nene puani, ndala moja mguuni na nyingine haijulikani ilikobaki. Hakuwa anatembea. Alikuwa anaburutwa.

Aliyemburuta alikuwa mtoto wa mbwa. Mtoto kwa umri tu, maana kwa umbo alikwisha kuwa ndama: kifua kipana, masikio yaliyoning'inia, na miguu mizito iliyotangulia kukua ikauacha mwili na akili vikija nyuma. Aliitwa Mheshimiwa. Jina alipewa na mdogo wake huyo dada, aliyemleta nyumbani kwa mbwembwe, akacheza naye kidogo, kisha akapata kazi ng'ambo na kumwachia dada yake mbwa, kamba, na ahadi ya kuja kumchukua mambo yakikaa sawa.

"Dada," aliuliza fundi mmoja wa vitanda, "wewe ndiye unayemtembeza huyo, au yeye ndiye anayekutembeza?"

"Tunatembezana," alijibu akihema. "Leo ni zamu yake."

Hapo Mheshimiwa akauona mto wa kochi. Ulikuwa juu ya benchi mbele ya karakana, kitambaa cha bluu, pembe zimesimama, umemalizwa kushonwa asubuhi hiyo hiyo. Akaudaka, akautikisa kushoto na kulia, na kabla mwenye kamba hajavuta pumzi, sponji ilikuwa imetapakaa barabarani.

Fundi makochi alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi. Akainuka taratibu. Kijana mrefu, shati la kijivu limekunjwa mpaka viwikoni, futi ya kupimia imening'inia shingoni, na uso wa mtu anayejua thamani ya kazi yake. Alimtazama mbwa. Akamtazama dada. Hakusema neno.

"Samahani sana, kaka. Bado mdogo, anaota meno."

Kimya.

"Nitakaa hapa nikushonee mwingine, hata kama utanicheka mshono."

Kimya.

"Basi sema kitu. Hata unitukane."

Fundi akainua kidole, amngoje. Akaanza kutoa misumari midogo kinywani, mmoja mmoja, akiipanga kiganjani. Ilikuwa mingi, na hakuwa na haraka.

"Kinywa kilijaa misumari," alisema hatimaye. "Ningekifungua ungesema nimekutemea risasi."

Dada akacheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka yeye mwenyewe akashtuka, kama mtu aliyesikia mlango wa chumba kisichotumika ukifunguka.

Fundi akaunyakua mto, na Mheshimiwa akakaza taya kwa furaha.

"Usimvute, atadhani mnacheza," dada alisema. Alitoa kipande cha biskuti mfukoni, akakisogeza puani kwa mbwa. "Acha." Taya zikafunguka. Papo hapo akaingiza vidole mdomoni mwa mbwa, akatoa vipande vya sponji kimoja baada ya kingine. "Ikishuka tumboni inaziba utumbo. Daktari wa wanyama amenionya mpaka masikio yamechoka."

"Kumbe elimu unayo. Mbona mwenzio hana?"

"Shule ndiyo kwanza imefunguliwa."

Fundi alimtazama tena, safari hii kwa utulivu. "Na hiyo miwani yako imekaa upande. Hakuna fundi miwani mtaani kwenu?"

"Fundi miwani ni mimi. Huyu aliikalia jana."

Sasa wakacheka wote wawili, na tangu siku hiyo yeye akawa Miwani, na kijana akawa Fundi.

Miwani alikaa juu ya ngazi, vyumba viwili na kibaraza chembamba. Zamani palikuwa na kelele pale: mama akiimba jikoni, mdogo mtu akigombana na redio. Mama akafariki, mdogo akasafiri, kelele zikaenda nao. Kikabaki kikombe kimoja kwenye sinia na taulo moja kwenye kamba. Kiti cha pili mezani kilikuwa cha kuwekea nguo zinazosubiri pasi. Mchana kutwa alikaa nyuma ya pazia dukani, akisaga kingo za lenzi kwenye jiwe la mashine ili watu wengine waone, na jioni akarudi mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumwona yeye.

Alikuwepo Mheshimiwa, ni kweli. Lakini Mheshimiwa jioni alikuwa amekwisha kula kandambili, mguu wa meza na rimoti ya televisheni, na kabla ya kula alikuwa amelia.

"Mwanangu," alisema mama mwenye nyumba, aliyekaa chini na kusikia yote, "Mheshimiwa wako leo amehutubia tangu ulipofunga mlango. Hakutupa hata nafasi ya kupiga makofi."

"Nisamehe, mama. Ananililia mimi."

"Najua. Hata mimi niliwahi kulia hivyo, ila nilikuwa nafunga dirisha kwanza. Mfundishe, mwanangu. Wapangaji wananikaba koo."

Ndipo Miwani akampeleka tena kwa yule daktari wa wanyama, mwanamke mfupi mwenye mikono ya haraka na maneno ya kupima.

"Huyu hana ubaya," daktari alisema, mkono ukiwa ndani ya mdomo wa mbwa. "Ana nguvu, ana fizi zinazowasha, na ana upweke. Nguvu mpe matembezi. Fizi zipe kitu chake mwenyewe cha kutafuna, kikubwa kuliko kinywa chake, kisicho na kitufe wala sponji wala chuma. Na upweke, mfundishe kwamba anayeondoka hurudi. Chukua funguo, kaa chini. Toka, rudi kabla hajalia. Kesho yake chelewa kidogo zaidi. Usimuage ukiondoka, usimfanyie sherehe ukirudi. Ukimuaga kwa huzuni, unamwambia kuna jambo la kuhuzunikia."

"Na anayeondoka asirudi, daktari?"

Daktari akamwangalia juu ya miwani yake. "Huyo hayumo kwenye somo la mbwa."

Fundi alikuja dukani kwa Miwani akiwa amebeba kifurushi. Alisema amepita tu, ingawa duka lile halikuwa njiani kwenda popote. Ndani ya kifurushi mlikuwa na mdoli wa kitambaa cha bluu, kile kile cha mto ulioraruliwa, mnene, macho ya vifungo vyeusi vinavyong'aa. Mshono ulikuwa mzuri kiasi cha kutia wivu.

Miwani aliugeuza mikononi. "Ndani umejaza nini?"

"Sponji. Ya daraja la kwanza."

"Na macho ni vifungo."

"Ulitaka awe kipofu?"

"Fundi, ni mzuri. Lakini huyu mbwa ataanza na macho, amalizie na tumbo, kisha mimi nimpeleke kupasuliwa. Siwezi kumpa."

Kijana akaufunga mdoli wake kwenye karatasi, uso umemwiva. Alikuwa na kiburi cha kazi, yule. Ukigusa mshono wake umegusa jina lake. Akaondoka bila hata kusema kwaheri, na Miwani akarudi nyuma ya pazia akijiambia kwamba basi, ndiyo imekwisha, na kwamba wala hakuwa ametarajia kitu. Jioni simu ikalia.

"Niambie tena hizo sheria," ilisema sauti. "Polepole. Ninaandika kwa chaki ukutani."

Alichotengeneza baada ya hapo kilikuwa kamba: vipande vya turubai zito vilivyosukwa pamoja, unene wa kifundo cha mkono, ncha zote mbili zimefungwa fundo kubwa kama ngumi.

"Hakuna msumari, hakuna kitufe, hakuna gundi," alisema akiikabidhi. "Nimeing'ata mwenyewe."

"Ikawaje?"

"Jino la mwisho limelegea, kamba haijambo."

Mheshimiwa aliipokea kamba ile akaenda nayo kibarazani, akaibana kwa miguu ya mbele, akatafuna kwa makini kama mzee anayesoma gazeti. Miguu ya meza ikapumua. Kandambili zikaishi. Na simu ikawa inalia kila jioni.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Na nani?"

"Na Mheshimiwa."

"Nina wivu."

"Na mbwa?"

"Na sahani. Iko karibu nawe, na haithamini."

"Fundi, maneno hayo unayatoa wapi?"

"Nikipiga misumari kinywa kimeziba. Yanajikusanya."

Siku moja, akipiga pasi, Miwani aligundua kwamba kiti cha pili mezani hakikuwa na nguo. Hakukumbuka alizitoa lini.

Tatizo moja lilibaki, na mwenye kulilea alikuwa Fundi mwenyewe. Kila akija, Mheshimiwa aliruka akamwekea miguu kifuani, na Fundi akampokea kama anavyopokea gunia la sponji, wakakumbatiana na kuyumba pamoja sebuleni. Yeye alikuwa na kifua cha kuhimili. Mama mwenye nyumba hakuwa nacho. Mheshimiwa alipomrukia ngazini kwa mapenzi yale yale, mama wa watu akakaa chini bila kutaka.

"Goti langu limesalimiana na ngazi," alisema akijipangusa. "Mwanangu, mimi nakupenda. Lakini akimrukia mtu mwingine humu ndani, itabidi nichague."

Daktari aliposikia akatikisa kichwa. "Anaruka kwa sababu kila akiruka anapata kitu. Mkono, jicho, neno. Hata ukimwambia 'hapana', kwake ni mazungumzo. Akiruka, mgeuzie mgongo. Funga mikono kifuani, tazama ukuta, nyamaza. Usigeuke mpaka miguu yote minne iwe chini. Ukigeuka mapema hata mara moja, umevunja kazi ya wiki nzima."

Miwani akaanza siku hiyo hiyo, na akaazimia kumweleza Fundi Jumapili akija.

Jumapili Fundi alikuja mapema kuliko ahadi. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka mikunjo ikasimama, viatu vimepigwa rangi, nywele zimetoka kinyozini. Miwani, katika gauni la kijani lenye mkanda kiunoni, alifungua mlango akatabasamu, na Mheshimiwa, kwa kuisikia harufu ya mtu wake, akachanganyikiwa kabisa. Alizunguka, akabweka, kisha akamrukia aliyekuwa karibu, naye ni Miwani, miguu mizito ikamtua mabegani.

"Nina neno," Fundi alianza pale pale mlangoni, kwa pumzi moja, "na nisipolisema sasa nitalimeza."

Miwani akageuka. Akafunga mikono kifuani. Akatazama ukuta.

"Nimepata kazi mji wa mbali. Hoteli mpya, makochi yote ni yangu mimi. Naondoka mwisho wa mwezi. Nimezoea kwenda peke yangu kila mahali, lakini safari hii sitaki kuondoka kama mtu asiye na mtu. Nataka nikuoe, Miwani. Ukitaka twende wote, ukitaka unisubiri, lakini nijue kwamba nina wewe. Unasemaje?"

Ukutani palikuwa na msumari uliokuwa umeshika kalenda ya zamani. Miwani aliukodolea macho msumari ule na machozi yakamjaa, na chini ya machozi alikuwa anacheka, cheko pana ambalo hakuna aliyeliona ila ukuta. Kucha za Mheshimiwa zilimkwaruza mgongoni. Shuka, alimwomba moyoni. Shuka, tafadhali, nijibu. Angeweza kugeuka. Lakini alifikiria goti la mama mwenye nyumba na siku zote alizovumilia, akajiambia ni kitambo kidogo tu; mtu aliyengoja kutoa misumari mingi ile kinywani atashindwaje kungoja hiki?

"Miwani?"

Miguu miwili ilikuwa bado hewani.

"Sawa," ilisema sauti nyuma yake, kavu kama ubao. "Nimejibiwa."

Viatu vilishuka ngazi. Ndipo miguu ya Mheshimiwa nayo ikashuka, mmoja baada ya mwingine, ikatulia sakafuni, sawasawa na alivyofundishwa. Miwani akageuka na ndiyo yake mdomoni. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu.

Alipiga simu mara nyingi kabla haijapokewa.

"Fundi, ngoja nikueleze."

"Hakuna cha kunieleza. Anayetaka kukataa ana mdomo. Kunigeuzia mgongo mlangoni, kama mtu aliyekuja kuomba maji! Na mimi nilizaliwa na mama."

"Ilikuwa kwa ajili ya Mheshimiwa. Alinirukia, na nimefundishwa kwamba akinirukia..."

"Mbwa? Unanikataa mimi, kisha unamsingizia mbwa?"

"Sikukukataa. Nilikuwa..."

Simu ikakatwa. Miwani akabaki ameishika, na baada ya muda hasira nayo ikampanda. Mtu gani huyo asiyeweza kusimama mlangoni kwa pumzi chache? Waliokwenda wote walikuwa na sababu zao, lakini angalau hawakumwomba kwanza awe mtu wao. Hakupiga tena.

Nguo zikarudi kwenye kiti cha pili. Siku zikawa zinaingia na kutoka bila kuacha kitu. Dukani jiwe la mashine lilisaga, wateja walivaa miwani mipya na kushangaa kwamba kumbe majani ya miti yanaonekana moja moja. Nyumbani aliendelea na somo, kwa kuwa somo ndilo lililobaki. Alichukua funguo akakaa chini. Akatoka, akarudi. Akatoka, akasimama ngazini akisikiliza, akarudi bila neno. Alimjazia Mheshimiwa chakula ndani ya mpira mgumu wenye tundu, ashughulike nao, akaweka kamba ya turubai pembeni. Mbwa alianza na kamba kila siku. Mpira aliufuata baadaye.

Mdogo wake alipiga kutoka ng'ambo. "Dada, wameniongezea mkataba. Huyo mbwa mgawie mtu tu."

"Nimgawie nani?"

"Yeyote. Utabaki naye wa nini?"

"Na mimi je, utamgawia nani?"

Mdogo wake akacheka akidhani ni utani, akasema kuna watu wanamsubiri, akaaga.

Jioni moja mama mwenye nyumba alimzuia ngazini. "Leo Mheshimiwa kanyamaza kutwa. Nilipanda nikaweka sikio mlangoni, nikadhani kafa. Kumbe anatafuna. Hongera, mwanangu. Umeweza."

Miwani alishukuru, akapanda, akafungua mlango. Mheshimiwa aliinua kichwa, akamtazama kwa upole, akakirudisha chini juu ya kamba yake. Alikwisha elewa: anayeondoka hurudi. Miwani aliketi sakafuni na mkoba bado begani, akalia, maana katika nyumba ile aliyekuwa hajafuzu somo hilo alibaki yeye peke yake.

Akiwa pale chini ndipo akaiona kamba vizuri. Fundo la upande mmoja lilikuwa limefunguka na nyuzi zilikuwa zinachomoka, ndefu, nyembamba, moja ikiwa imening'inia mdomoni mwa Mheshimiwa. Akaivuta haraka. Daktari alikuwa amesema waziwazi: kitu cha kutafuna kikianza kutoa nyuzi si salama tena, kinatupwa. Akaibeba kamba mpaka kwenye pipa la taka, akafungua mfuniko. Mkono ukakataa. Hapakuwa na kitu kingine cha Fundi ndani ya nyumba ile.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kazi, alivaa lile gauni la manjano, akaitia kamba kwenye mkoba, akamfunga Mheshimiwa na kutoka. Mbwa alitembea kando yake, kamba ya shingoni imelegea. Katika mtaa wa samani yule fundi wa vitanda akaacha randa yake.

"Dada, leo zamu ya nani?"

"Leo zamu yangu," alijibu.

Mbele ya karakana palikuwa na gari la mizigo. Cherehani ilikwisha pakiwa, na marobota ya vitambaa, na masanduku ya zana. Ukutani maandishi ya chaki yalikuwa bado yapo: kikubwa kuliko kinywa, bila kitufe, bila sponji, bila chuma. Fundi alikuwa amepiga magoti akigongelea kochi la mwisho. Alipomwona akainuka, misumari kinywani, na safari hii hakuinua kidole.

"Sikuja kukusumbua," Miwani alisema. Akatoa kamba. "Imechakaa, inatoa nyuzi. Nimeambiwa niitupe, nikashindwa. Nimekuja unisukie nyingine kabla hujaondoka. Kwa ajili yake, si kwa ajili yangu."

Fundi akaanza kutoa misumari. Hakuwa ameimaliza pale subira ya Mheshimiwa ilipokatika. Kwa siku zote hizo hakumwona mtu wake. Akaruka, miguu yote miwili ikamtua Fundi kifuani, na mikono ya Fundi ikainuka kumpokea.

"Usimguse," Miwani alisema upesi. "Mgeuzie mgongo."

"Nini?"

"Mgeuzie mgongo. Funga mikono, tazama ukuta, usiseme neno. Usigeuke mpaka miguu minne iwe chini. Hivyo ndivyo alivyofundishwa. Nakuomba, Fundi, usiniharibie."

Labda ni lile neno la kuomba lililomgusa. Fundi akageuka, akafunga mikono, akatazama ukuta wa karakana yake. Mheshimiwa akamfuata, akamwekea miguu mgongoni, akalalama, akakwaruza shati. Fundi alisimama. Miwani aliuona mgongo ule, umenyooka na mgumu, hauonyeshi chochote cha usoni, na kwa mara ya kwanza akajua jinsi mgongo unavyotisha ukiwa umesimama mbele yake. Kisha akaona masikio ya Fundi yakibadilika rangi. Akaona mabega yakishuka polepole, kama ya mtu anayetua mzigo alioubeba kwa makosa.

Mguu mmoja ukashuka. Ukafuata wa pili. Mheshimiwa akaketi.

Fundi hakugeuka mara moja. "Siku ile mlangoni," alisema akiwa bado anatazama ukuta.

"Siku ile mlangoni."

"Alikuwa amekurukia."

"Alinikwaruza mpaka gauni likachanika. Nilikuambia kwenye simu."

"Uliniambia." Akainamisha kichwa. "Na huko ukutani ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nacheka. Na kulia. Nilikuwa naomba miguu ishuke nikujibu. Ikashuka, na wewe ulikuwa umekwisha fika barabarani."

Sasa akageuka. Macho yalikuwa mekundu, na kiburi chake chote kilikuwa mkononi pamoja na ile misumari, hajui pa kukiweka. "Mimi ni mjinga, Miwani."

"Si mjinga. Huna subira. Mbwa amekushinda."

"Ungenijibu nini?"

"Uliza tena, kwa adabu. Miguu chini."

Fundi akatazama miguu yake, akaipanga vizuri, akauliza. Dereva wa gari la mizigo, aliyedhaniwa kuwa amelala, akafungua jicho moja. Miwani akasema ndiyo, na alipoisema ilimtoka kwa sauti ndogo kuliko alivyoizoea kichwani, kwa vile ilikuwa imekaa ndani muda mrefu.

Lakini gari lilikuwa limekwisha pakiwa, na kazi ilikuwa imekwisha kubaliwa, na duka la miwani halikuweza kuachwa kwa siku moja. Angekwenda Fundi kwanza, arudi baada ya hoteli kufunguliwa, waoane, kisha waamue. Fundi aliketi kwenye benchi akasuka kamba mpya, turubai la kijani, kwa vidole vyenye haraka.

"Utanisindikiza mpaka barabara kuu?" aliuliza akikaza fundo.

"Hapana. Na usiniage. Ukiniaga kwa huzuni unaniambia kuna jambo la kuhuzunikia."

"Hiyo nayo ni sheria?"

"Ndiyo iliyo ngumu kuliko zote."

Basi hakumuaga. Alimpa Mheshimiwa kamba, akapanda gari kando ya dereva kama mtu anayekwenda kununua uzi mtaa wa pili, na gari likaondoka. Miwani alisimama mpaka vumbi likatulia. Mheshimiwa alimtazama, akatazama barabara, akalala akaanza kutafuna. Naye Miwani akaenda kazini.

Miezi ile haikuwa myepesi. Jioni zilikuwa ndefu na simu ilikuwa fupi, mtandao wa kule ukikatika katikati ya neno tamu. Kulikuwa na siku ambazo vyumba viwili vilikuwa vikubwa mno, akakaa kibarazani akisikiliza nyumba za watu. Ila kiti cha pili hakukiwekea nguo tena. Alikiacha wazi, hata siku alizokuwa na shaka.

Jioni moja jua likiwa bado halijazama, viatu vilipanda ngazi. Mheshimiwa, aliyekwisha kuwa mbwa kamili, kifua kama mlango, aliinuka. Masikio yakasimama. Mlango ukafunguka na Fundi akaingia, amekonda, mabegi mkononi. Mbwa alitetemeka toka puani hadi mkiani, akaguna, kisha akaketi chini pale pale, miguu yote minne sakafuni, akingoja kwa heshima zake zote.

Miwani alikuwa jikoni. Alitoka na kijiko mkononi. Akamwona. Kijiko kikaanguka, na mwanamke mzima, mwenye kazi yake na akili zake, akakimbia sebule nzima akamrukia, mikono shingoni, miguu ikiacha sakafu.

Fundi akaweka mabegi chini. Akafunga mikono kifuani. Akageuka akatazama ukuta, kimya, Miwani akiwa amehamia mgongoni na kumng'ang'ania, analia na kumpiga ngumi za begani.

"Fundi! Usinifanyie hivyo."

Mabega ya Fundi yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Miwani akavuta pumzi. Akateremsha mguu mmoja. Akateremsha wa pili. Akasimama sakafuni na miguu yake yote, akajifuta uso kwa kiganja, akanyoosha miwani iliyokaa upande.

Ndipo Fundi akageuka.